Teke la bastola ndogo

Chukua silaha mbili, uziweke mezani. Ya kwanza ni Kalashnikov, ambayo mtoto yeyote wa Goma huitambua kwa magazini yake iliyopinda. Ya pili ni rivolva ya kampuni ya Smith & Wesson iitwayo 340PD. Uzito wake ni gramu 340 hivi, mtutu wake haufiki sentimita 5, na inaingia katika mfuko wa suruali ikasahaulika humo. Imeundwa kwa metali nyepesi, lakini inakula risasi ya .357 Magnum, risasi iliyobuniwa mwaka 1935 kwa ajili ya rivolva kubwa za chuma zenye uzito unaozidi kilo moja.

Sasa uliza ni ipi itakayomuumiza zaidi mwenye kuishika. Wengi watanyoosha kidole kwa Kalashnikov, nao watakuwa wamekosea. Risasi ya Kalashnikov ina uzito wa karibu gramu 8, na hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya mita 715 kwa sekunde, ikiwa na nishati ya jouli 2,000 hivi. Risasi ya ile rivolva, kwa sababu ya mtutu mfupi, hutoka na takriban jouli 600, yaani chini ya theluthi. Lakini ukikokotoa kile kinachomrudia mpigaji, Kalashnikov inamrudishia jouli 7 hivi, na rivolva inamrudishia kama 27. Zile 7 zinapokelewa na bega zima, juu ya kitako kipana cha mbao. Hizi 27 zinapokelewa na nyama laini iliyoko kati ya kidole gumba na kidole cha shahada.

Kanuni inayoeleza jambo hili iliandikwa na Isaac Newton mwaka 1687, na mvuvi yeyote wa Ziwa Kivu anaijua kwa miguu yake. Ukiruka kutoka mtumbwini kwenda ufukoni, mtumbwi unarudi nyuma. Ukiwa mzito unasogea kidogo tu, ukiwa mwepesi unakuponyoka na wewe unaangukia majini. Risasi ndiyo inayoruka, na bunduki ndiyo mtumbwi. Kila kinachokwenda mbele, bunduki inakilipa kwa kurudi nyuma kwa msukumo uleule. Hata moshi unahesabiwa: gramu moja tu ya baruti, ikigeuka gesi na kutoka kwa kasi inayozidi mita 1,000 kwa sekunde, inachangia karibu robo ya msukumo wote wa rivolva ile.

Hapo ndipo wepesi unapogeuka adhabu. Kwa risasi ileile, ukipunguza uzito wa silaha kwa nusu, nishati inayoupiga mkono inaongezeka maradufu. Mtengenezaji anayeitangaza bastola yake kuwa nyepesi kuliko zote, huku akiacha risasi iwe ileile kubwa, anauza maumivu, na mara nyingi mnunuzi hulitambua hilo siku ya kwanza anapofyatua. Rivolva ya gramu 340 inarudi nyuma kwa kasi ya mita 11 hivi kwa sekunde, sawa na kilomita 40 kwa saa. Mpini wake unatosha vidole viwili. Kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Na kwa vile mtutu uko juu ya mkono, teke halirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Linaizungusha silaha juu ya kifundo, na mdomo wa mtutu unaruka kuelekea angani.

Teke la silaha hii ni kali kiasi kwamba linazisumbua hata risasi ambazo bado hazijafyatuliwa. Rivolva inaporuka nyuma, inayavuta maganda pamoja nayo, huku vichwa vya risasi vikitaka kubaki vilipokuwa. Risasi ambayo haikubanwa vizuri inaanza kuchomoka kwenye ganda lake, inatokeza mbele, na silinda inakwama.  Yaani mwenye silaha anaweza kupiga mara moja au mbili, kisha, katika dakika aliyoihitaji zaidi maishani, akabaki ameshika kipande cha metali kisichozunguka.

Kwa nini msomaji wa Goma, ambaye huenda hatamiliki rivolva maisha yake yote, ajishughulishe na maumivu ya kidole gumba cha mtu mwingine? Kwa sababu maumivu hayo hayabaki mkononi. Yanabadilisha njia ya risasi, na katika mji wetu kila njia ina mtu.

Watu wengi hudhani kwamba teke hupoteza shabaha kwa kuinua mtutu. Kwa risasi ya kwanza, hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, maana risasi hutoka mapema mno, mtutu ukiwa haujapanda sana. Kosa kubwa linatokea kabla ya mlio. Mkono uliokwisha kuumizwa mara moja unakumbuka. Mara ya pili kidole kinapoanza kuvuta kifyatulio, misuli inajikaza yenyewe, macho yanafumba, kifundo kinausukuma mtutu chini ili kulizuia teke ambalo bado halijaja. Mpigaji hajui kama amefanya hivyo. Wakufunzi wa shabaha wana njia ya zamani ya kumwonyesha: wanachanganya risasi za bandia na za kweli bila yeye kujua. Akikutana na ya bandia, silaha hailii, na wote wanaona jinsi mdomo wa mtutu ulivyozama.

Sasa fanya hesabu ya shule ya msingi. Tuseme silaha ina urefu wa sentimita 15. Mdomo wake ukizama au kuyumba sentimita moja tu, basi kwenye umbali wa mita 15 risasi imekwenda mita moja mbali na ilipolengwa. Kwa Kalashnikov, yenye urefu wa sentimita 88 hivi, yumbo hilohilo la sentimita moja linaihamisha risasi sentimita 17. Mita 15 katika mtaa wa Birere ni nini? Ni uzio, nyumba, jiko la jirani, nyumba nyingine, na kundi la watu wanaosubiri maji.

Na nyumba zetu zimejengwa kwa nini? Volkeno ya Nyiragongo ilipoteremsha lava yake tarehe 17 Januari 2002 na kufunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, watu walirudi na kujenga juu ya jiwe lile jeusi kwa kile walichoweza kupata: mbao na mabati. Mbao ni nyepesi, hazihitaji msingi wa kina, na tetemeko likija haziui kama matofali. Lakini mbao ya sentimita mbili au tatu si kitu mbele ya risasi, hata ya bastola. Risasi ya milimita 9 inatoboa ukuta wa mbele, inapita chumbani, inatoboa wa nyuma, na bado ina nguvu ya kuua. Ikikutana na ukuta wa mawe ya volkeno, inaweza kuruka kuelekea upande ambao hakuna aliyeuwazia. Kwa hiyo ninaposikia mtu akisema kwamba bastola ndogo ni silaha ya kujilinda tu, isiyomdhuru asiyehusika, naona amezoea miji ya zege.

Tuliliona jambo hili kwa kiwango cha kutisha mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambako madaktari wa upasuaji wa Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu wamefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na wenzao wa hapa, ilifurika majeruhi hadi wakalazwa chini. Wengi walikuwa raia waliopigwa wakiwa majumbani mwao. Silaha zilizofanya hayo zilikuwa kubwa kuliko bastola, na sitaki kuchanganya mambo. Lakini vita vilipotulia katikati ya mji, barabara zilibaki zimetapakaa sare, bunduki na masanduku ya risasi, na si kila kilichookotwa kilirudishwa. Usiku wa Goma ulikuwa umeshakuwa na silaha nyingi mikononi mwa wasiofunzwa kabla ya hapo. Wabadili-fedha wa mitaani walilijua hilo tangu zamani. Baada ya hapo zikazidi. Mtu aliyeokota bastola hana mkufunzi, hana uwanja wa mazoezi, na hana risasi za kuchezea. Mara yake ya kwanza kulihisi teke itakuwa usiku, akiwa na hofu, mbele ya mtu mwingine mwenye hofu.

Bastola ambayo Kongo imeizoea kwa miongo mingi ni ya aina nyingine kabisa, nayo inafaa kuwa kipimo. Ni GP ya kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, iliyoanzwa na John Browning, aliyefariki mwaka 1926 kazi ikiwa haijaisha, na kukamilishwa na Dieudonné Saive mwaka 1935. Ina uzito wa karibu kilo moja, mpini unaojaza kiganja, na nafasi ya risasi 13 za milimita 9. Teke lake ni kama jouli 5. Umbo lile linaujali mkono kama linavyoijali risasi. Nasema hivi bila kuisifu silaha. GP imeua watu wengi. Lakini ndani yake kuna adabu ya ufundi: ukubwa wa risasi na ukubwa wa chombo vinaheshimiana.

Bastola ndogo yenye risasi kubwa ina ukoo wake tofauti, na ukoo huo daima umehusu umbali wa mkono mmoja. Bastola iliyomuua Abraham Lincoln mwaka 1865 ilikuwa ya fundi Henry Deringer wa Philadelphia: ndogo kama kiganja, risasi moja tu, kipenyo kinachozidi milimita 10. Muuaji alisimama nyuma ya kiti. Mwaka 1942 Marekani ilitengeneza bastola karibu milioni moja za bati lililokunjwa, ziitwazo Liberator, za risasi moja ya .45, ili ziangushiwe wapiganaji wa siri katika nchi zilizokaliwa na adui. Hakuna aliyetegemea zilenge shabaha mbali. Mpiganaji alitakiwa amkaribie askari mmoja, apige mara moja, kisha achukue bunduki yake. Na hapa kwetu, tarehe 16 Januari 2001, rais Laurent-Désiré Kabila alipigwa bastola ofisini mwake na mlinzi wake mwenyewe, aliyeruhusiwa kumsogelea. Bastola haihitaji shabaha pale mtu anapoaminiwa kukaribia. Ikitoka nje ya umbali huo wa mkono, ikiwa nyepesi na imeshindiliwa risasi iliyoizidi, haina mwenyewe.

Afrika Mashariki inayo historia yake kuhusu risasi iliyozidi chombo chake, na ni historia ya ujasiri. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilipotangaza hali ya hatari mwezi Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau walikuwa na bunduki chache mno za kiwandani. Mafundi wao, mjini Nairobi na katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wakageukia mabomba ya maji, mbao za kuchonga, komeo za milango na vipande vya mpira. Risasi walizipata kwa kuiba au kununua kwa siri, na nyingi zilikuwa za .303, zilizoundwa kwa bunduki ya Lee-Enfield yenye uzito wa kilo 4 na chuma kilichopimwa kiwandani. Ndani ya ganda la .303 shinikizo linafika karibu mara 3,000 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Bomba lile lilitengenezwa kupitisha maji ya kunywa.

Kwa hiyo mpiganaji alikuwa na hatari mbili kabla hata ya kumfikia adui. Teke lilikuwa baya, lakini angalau lilimwachia mkono. Baya zaidi ni bomba lenyewe kupasuka, na silaha kumrudia usoni yule aliyeishika. Waliokwenda vitani na vyombo vile walijua hilo, na walikwenda. Pia walijua sheria ya wakati ule, kwamba kukutwa na silaha au hata risasi kungeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipokamatwa mwezi Oktoba 1956, alikuwa na rivolva ya .38. Kesi iliyompeleka kunyongwa Kamiti, tarehe 18 Februari 1957, ilihusu rivolva hiyo na risasi zake.

Kongo nayo ina mafundi wake. Katika Katanga na Tanganyika bunduki za kufuliwa kienyeji huitwa pupu, na wawindaji wa misitu ya mashariki wanazijua bunduki za mafundi zinazotumia fataki za kaliba 12. Mfuaji chuma mwenye uzoefu hutengeneza bunduki ndefu na nzito, kwa sababu anajua kwamba uzito ndio unaomkinga mwindaji. Ukiona bunduki ya kienyeji iliyokatwa mtutu na kitako ili ifichwe ndani ya koti, ujue imetoka mikononi mwa mwindaji na kuingia mikononi mwa mwingine. Kukata huko kunaondoa chuma kilichokuwa kinalimeza teke, na kunaondoa kitako kilichokuwa kinalipeleka begani. Fataki ya kaliba 12 iliyokusudiwa kumwangusha nguruwe mwitu sasa inapaswa kuzuiwa na kifundo kimoja cha mkono.

Kuna kosa la zamani nyuma ya haya yote, nalo ni kuamini kwamba ukubwa wa risasi ndio nguvu. Wazungu walilileta hapa pamoja na bunduki za tembo. Samuel Baker, aliyesafiri kuelekea Ziwa Albert miaka ya 1860, alikuwa na bunduki moja aliyoiita Mtoto, yenye uzito wa kilo 9, iliyorusha kombora la nusu ratili, yaani gramu 227. Aliandika mwenyewe jinsi ilivyomzungusha kila alipoifyatua, hadi akawa anaogopa kuitumia. Miaka 40 baadaye, katika Karamoja na katika eneo la Lado lililokuwa chini ya mfalme Leopold, alikuja Mskoti aliyeitwa Walter Bell, ambaye aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi nyembamba ya milimita 7. Baadhi ya wenzake walibeba bunduki ambazo teke lake lilizidi jouli 100. Bell alikuwa amechunguza fuvu la tembo, akajua ubongo ulipo, na bunduki yake nyepesi haikumshtua, kwa hiyo aliiweka risasi pale alipotaka. Nasikitikia tembo wale, na biashara ya pembe iliyowamaliza naiona kuwa balaa. Lakini kwa upande wa ufundi, Bell alijibu swali ambalo wanunuzi wa bastola ndogo zenye risasi kubwa bado wanalikosea mpaka leo.

Lakini kuna upande wa pili wa jambo hili, na ndio unaoniuma kuliko yote ninayoyaandika hapa. Teke lilikuwa pia kizuizi. Bunduki iliyomrudia vibaya aliyeishika ilikuwa inamchagua mtumiaji wake: ilitaka bega la mtu mzima. Jeshi la Zaire lilibeba FAL ya Herstal, yenye risasi ndefu ya 7.62 ya NATO, ambayo teke lake ni kama maradufu ya lile la Kalashnikov. Mtoto wa miaka 11 anaweza kuifyatua FAL, ila baada ya mara chache bega limevimba na silaha imemshinda. Kalashnikov iliundwa kwa risasi fupi, ili askari wa kawaida aweze kuimudu. Mikhail Kalashnikov alikuwa akimfikiria mwanajeshi wa Kisovyeti aliyechoka kwenye theluji, wala hakuwa akimfikiria mtoto wa Kivu. Lakini jouli 7 zile zinabebeka hata na mtoto. Vita vya mwaka 1996 vilipoanza hapa mashariki, kadogo, yaani askari watoto, waliandamana na waasi wa AFDL wakiwa na bunduki karibu sawa na vimo vyao, na waliweza kuzitumia. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri. Tunapotaja sababu za watoto kuwa askari, tunataja umaskini, kutekwa, chuki, kulipiza kisasi. Fizikia nayo ilikuwamo. Kulikuwa na silaha ambayo teke lake halikumfukuza mtoto.

Marekani, nchi ambako watu hununua silaha kwa kujifurahisha, ilijifunza jambo hili kwa njia ya uchungu. Mwaka 2008, katika maonyesho ya silaha huko Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alipewa Uzi ndogo inayopiga mfululizo. Teke la risasi moja lilikuwa dogo, lakini risasi hufuatana kwa kasi kuliko mkono unavyoweza kurudisha mtutu mahali pake. Silaha ilipanda, ikageuka, ikamuua mvulana mwenyewe. Mwaka 2014, huko Arizona, msichana wa miaka 9 akiwa na silaha ya ukoo uleule alimuua mkufunzi aliyesimama kando yake. Wazazi walikuwepo, wasimamizi walikuwepo. Katika visa vyote viwili wakubwa waliona silaha ndogo, wakadhani inamfaa mtu mdogo. Ni kosa lilelile la rivolva ya gramu 340 ambayo wauzaji hupenda kuipendekeza kwa wanawake kwa sababu inaingia kwenye mkoba. Silaha inayomfaa mtu mwenye nguvu kidogo ni ile yenye uzito wa kutosha na risasi ndogo. Wepesi wa chombo ndio unaomtesa.

Kuna desturi moja ya mji wetu inayohusiana na haya. Askari au polisi akitaka kutawanya watu, hupiga juu. Mlevi mwenye silaha naye hupiga juu. Wote wawili wanadhani angani hakuna mtu. Afisa wa Marekani, Julian Hatcher, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alisaidia kupima jambo hili huko Florida, kwa kupiga risasi za bunduki wima na kusubiri zianguke. Zilirudi kwa kasi ya mita 90 hivi kwa sekunde. Hiyo inatosha kuvunja fuvu. Na hizo ni zilizopigwa wima kabisa, zikapoteza kasi yote kule juu. Mkono uliotikiswa na teke haupigi wima. Unapiga mshazari, na risasi ya mshazari huvuka mji ikiwa bado na sehemu kubwa ya kasi yake, ikatua katika mitaa ya Katoyi au Majengo kwenye bati la mtu ambaye hakusikia hata mlio.

Sheria zipo. Amri ya mwaka 1985 kuhusu silaha na risasi inamtaka raia awe na kibali, na Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Kongo ni mshiriki wake, inadai silaha ziwekwe alama ili zifuatiliwe zilikotoka. Karatasi hizo zinahitaji dola inayozishika, na msomaji wa Goma anajua tulipo. Kwa hiyo nitamalizia na lile ambalo kila nyumba inaweza kulifanya bila kusubiri mtu, kuhusu risasi zisizo na bunduki kabisa, kwa maana ndizo zilizobaki kwa wingi katika viwanja vyetu, kwenye nyufa za lava, kando ya mifereji, ndani ya mifuko ya watoto wanaokusanya shaba na chuma cha kuuza.

Risasi nzima ikitupwa motoni, hakuna mtutu wa kuiongoza na hakuna uzito wa bunduki wa kulimeza teke. Kichwa cha risasi ya milimita 9 kina gramu 8 hivi, na ganda lake lina gramu 4. Baruti ikiwaka, vyote viwili vinasukumwa kwa msukumo sawa, na chepesi ndicho kinachokwenda mbio zaidi. Hivyo ni ganda linaloruka, mara nyingi likiwa limepasuka vipande vyenye makali, huku kichwa kikisogea polepole zaidi. Watoto wanaozunguka moto wa takataka wanaogopa mbele ya risasi, kumbe hatari iko nyuma yake, pande zote. Kuigonga kwa jiwe ili kutoa shaba kuna hatari hiyohiyo.

Ukikuta risasi, iache ilipo, weka mawe kuizunguka kama alama, watoto wakae mbali, umwarifu mkuu wako wa nyumba kumi apeleke habari kwa wanaoshughulika na mabaki ya vita. Fanya hivyohivyo kwa bastola iliyookotwa, hata kama inaonekana ndogo kama ya kuchezea, na usivute chochote kujaribu kama inafanya kazi. Usiizike. Usiitupe chooni: kwenye lava vyoo vyetu haviendi chini sana, hujaa upesi, na siku moja kijana aliyelipwa kukizoa choo hicho atashuka humo na koleo la chuma.